Mwaka Mama Furaha Alipokufa Mara ya Kwanza

Mama Furaha wa Ruziba amekufa mara mbili, na mara ya kwanza niliyemuua ni mimi. Nasema hivi waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akinitambulisha hivyo kwa wageni: "Huyu ni Nadine, mwenye aliniua." Wageni wakashtuka, naye akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikamtoka. Mwezi uliopita amekufa kweli, kitandani mwake, kwa ugonjwa wa moyo, na simu yangu haikunyamaza siku nzima. Watu hawakuuliza ameugua nini wala atazikwa wapi. Waliuliza, "Nadine, ni kweli, ao ni kama ule mwaka?" Ni kweli, nikawajibu wote, mmoja mmoja. Na kila nilipojibu hasira yangu ya zamani ilinipanda upya, maana shaka ile niliipanda mimi, kwa kidole changu hiki cha shahada. Wapo wanaoisimulia habari ile kama kichekesho. Inachekesha, sikatai. Lakini kuna mtu alizikwa kama asiye na watu kwa sababu ya kosa lile, na hilo hawalisimulii.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Tulifanya kazi katika chumba kimoja huko Mutanga Sud, mtaa mmoja wa mjini, nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja, chumba ambacho kabla yetu kilikuwa stoo ya makaa. Tulipiga chokaa mara mbili na weusi ukarudi mara mbili. Kila karatasi iliyotoka mle ilikuwa na alama ya dole gumba. Kwenye kona tuliweka kompyuta kubwa iliyochakaa, juu ya matofali manne ili maji ya mvua yasiifikie, na pembeni yake betri ya gari kwa ajili ya siku ambazo umeme ulikwenda zake, nazo zilikuwa nyingi. Mchana tulikula maharage na ndizi zilizopikwa kwa mawese, tukala kutoka sufuria moja iliyowekwa juu ya kiti, mimi na Désiré. Désiré alikula haraka kama mtu anayekimbia mvua, hivyo nilijifunza kuchora mpaka katikati ya sufuria kwa kijiko na kuulinda. Alinizidi miaka mitano, mwembamba, mwenye kuvaa koti hata joto likiwa la kuyeyusha mshumaa, na alizungumza muda wote kama yuko mbele ya kipaza sauti. Kila ninachokijua kuhusu kompyuta ni yeye aliyenifundisha, na sitaruhusu mtu asome kurasa hizi akidhani namdharau.

Kazi yetu ilikuwa hii. Tulikuwa tumechoka na mitandao mikubwa ambayo mwenyewe yuko mbali na anaweza kukufungia mlango bila hata kukuambia shikamoo. Kwa hiyo tulijenga mtandao usio na mwenyewe. Kila kikundi kiliweka kompyuta yake: moja kwetu Mutanga, moja katika ofisi ya wauza samaki Ruziba, moja ng'ambo ya mpaka, Uvira, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Kila kompyuta ilikuwa nyumba yenye sheria zake na watu wake, lakini zote zilizungumza lugha moja, hivyo neno lililosemwa Ruziba lilisikika Uvira bila kupita kwa tajiri yeyote. Juu ya mtandao huo tuliweka vyombo vidogo vidogo, kila kimoja na kazi yake. Kimoja cha picha. Kimoja cha kuuza na kununua, ambacho Désiré alikitengeneza kwa mikono yake. Na kimoja cha sauti, cha kwangu mimi, nilichokiita Mbiu.

Mbiu haikuwa na kitu. Ndivyo nilivyoisifu, na ndivyo Désiré alivyoitukana. Unabonyeza, unasema, unaachia, basi. Haikuwa na picha, haikuwa na jina la kuandika, haikuwa na mioyo ya kubonyeza wala vidole vya kupongeza. Niliitengeneza baada ya kukaa wiki tatu na wanawake wa Ruziba wakianika ndagala, dagaa wa ziwani, nikisikiliza wanavyoitana. Hakuna aliyeanza na jambo. Kila mmoja alianza na nafsi yake: "Ni mi, Mama fulani." Kisha akataja anayemsema, kisha ndipo jambo lenyewe. Hata wakikuita kutoka hatua tano, "Ni mi, Mama Furaha, ni juu ya Nadine, chai imepoa." Niliona watu wale walikwisha kutengeneza kila kilichohitajika, nikaamua kutoongeza hata kidogo. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na wewe kazi yako ni kutega sikio.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana aliyeufungua mlango wa matatizo hakuwa Désiré, alikuwa Mama Furaha mwenyewe. Alikuja siku moja Mutanga na sahani ya mukeke, samaki wa ziwani, wa kukaanga, akaifunika kwa gazeti, akakaa juu ya tofali la akiba na kutupa simu yake mapajani mwangu. "Munanipa milango mitatu ya nini? Hapa picha, hapa soko, hapa sauti. Simu yangu imejaa. Nifute picha ya mutoto wangu juu ya kuweka vitu vyenu?" Désiré aliruka kama aliyesubiri neno hilo mwaka mzima. "Umesikia? Umesikia, Nadine? Hiyo ndiyo shida!" Na ilikuwa shida kweli. Simu za watu wetu zilikuwa ndogo, mega za intaneti zilihesabiwa kama punje za chumvi, na mtu aliyejua kufungua Mbiu hakujua kufungua Soko. Désiré alisema mtandao ni kama bia ya mtama: chungu kimoja katikati, kila mtu na mrija wake, na hakuna anayebeba vyungu vitatu kwenda kwa jirani. Nikamwambia mshika mawili moja humponyoka. Akasema umoja ni nguvu. Nikasema chungu kimoja kikipasuka wote mnalala na kiu. Mama Furaha alitusikiliza akichambua mwiba, akasema, "Nyinyi mulisoma juu ya kugombana tu?"

Basi Désiré akaanza kukipanua chombo chake cha soko kiwe chungu kimoja cha mambo yote, nacho kikapata jina: Vyose. Kwa Kirundi maana yake ni vyote, na jina lilikuwa tamu, watu walilitamka wakitabasamu. Akapata wafadhili, ofisi ghorofa ya pili huko Rohero, katikati ya mji, yenye meza ya kioo, kiyoyozi kilichonifanya nivae sweta katika mji wa joto, na kahawa katika vikombe vidogo kama vya watoto kuchezea. Sharti la wafadhili lilikuwa moja: vyombo vyote viingie ndani ya Vyose, Mbiu ikiwamo. Ningeweza kukataa. Watu huniuliza kwa nini sikukataa, mimi mwenye mdomo huu. Jibu si zuri. Nilikuwa nimechoka kufuta masizi kwenye karatasi, na nilitaka mara moja katika maisha yangu kukaa kwenye chumba ambacho mtu ananiletea kahawa. Nikaingiza Mbiu ndani ya Vyose kwa mikono yangu. Ndani ya Vyose kila tangazo lilitakiwa kuwa na aina, jina na picha, maana soko lilihitaji hivyo, na lililohitajika kwa soko likawa sheria ya nyumba nzima. Jina na picha vilichukuliwa vyenyewe kutoka kwa mwenye simu. Sauti ilibaki chini kabisa, kitufe kidogo cha kijivu, na kuifungua kulikula mega. Niliona. Nikajiambia watu watazoea.

Mama Furaha alikuwa na kaka, Kashindi, aliyekuja kutoka Uvira miaka mingi kabla na kuimba sauti ya chini katika kwaya ya kanisa lao. Nilimjua kidogo: mtu mkimya, aliyetengeneza vipaza sauti vya kwaya bila kuombwa na kuondoka bila kuaga. Aliugua ghafla, akapelekwa hospitali, na asubuhi ya Jumanne akafariki. Mama Furaha alikuwa kando ya kitanda. Akatoa simu akabonyeza pale alipozoea kubonyeza, akasema kama walivyosema siku zote: "Ni mi, Mama Furaha. Ni juu ya kaka yangu Kashindi. Ametuacha leo asubuhi. Tunamuzika kesho saa ine. Kwaya, mukuje." Kisha simu yake ikazimika, moto wa betri ulikuwa umeisha. Na Vyose ikafanya tuliyoifundisha. Aina: kifo. Jina: la mwenye simu. Picha: ya mwenye simu. Kwenye simu zote kuanzia Ruziba hadi Uvira ikatokea picha ya Mama Furaha akicheka mbele ya meza ya samaki, na juu yake maneno makubwa: TANGAZO LA KIFO: MAMA FURAHA, RUZIBA.

Nilikuwa Rohero, nimesimama mbele ya wafadhili nikionyesha jinsi chombo kinavyofanya kazi, wakati picha ile ilipojitokeza kwenye ukuta. Nililia mbele ya wageni wale, sikujificha. Désiré alinishika bega. Haikupita saa nzima simu ikalia, jirani yake wa Ruziba akipiga kelele: amemuona Mama Furaha kwa macho yake, akivuka barabara mbele ya hospitali, amempungia mkono, ni mzima kabisa! "Mana yanje! Mungu wangu!" nikapaza sauti, nikaruka, nikamkumbatia Désiré, na hapohapo, machozi hayajakauka, nikabonyeza Futa Tangazo. Futa ile ilifuta vyote: picha, jina, na sauti. Kisha nikaandika kwa herufi kubwa: TANGAZO LA KIFO LA LEO NI KOSA. HAKUNA ALIYEKUFA. SAMAHANINI. Nikabonyeza, nikanywa kahawa yangu. Sikuisikiliza ile sauti. Mimi niliyetengeneza Mbiu, niliyekaa wiki tatu kwenye harufu ya ndagala nikijifunza kusikiliza, sikuisikiliza sauti.

Huko Ruziba uwanja wa Mama Furaha ulikuwa umejaa. Watu walikuja na mikeka, na kuni, na kreti za soda kama ilivyo desturi ya matanga, wanawake wameketi chini wakilia, "Yoo, Mama Furaha, umetuacha na nani!" Habari njema ilipofika wakainuka wakacheza, wakafungua zile soda wakazinywa kwa furaha, wakaenda makwao. Yeye alifika jioni kwa pikipiki, baada ya kumaliza mambo ya maiti. Alikuta nyasi zimelala, mkeka mmoja umesahauliwa na chupa tupu zimepangwa vizuri ukutani. Hakuna mtu. Akaenda kwa jirani kuuliza ni sherehe gani imefanyika kwake, na jirani huyo, aliyekuwa amecheza kuliko wote, ndiye aliyemsimulia. Akaazima simu akanipigia. Nilitegemea kicheko. Alisema polepole, bila kupandisha sauti, "Nadine, kwa nini umenifutia kaka?"

Nilijaribu, Mungu ananijua. Niliandika upya, nikaweka jina la Kashindi, nikaweka saa na mahali. Majibu yakaja haraka. "Mumeanza tena?" "Muache kuchezea vifo." "Asubuhi alikuwa dada, jioni ni kaka, kesho nani?" Mtu mmoja wa kwaya, mtu mwema, ninamjua, aliandika, "Sisi hatudanganywi mara mbili," na wenzake wakamuunga mkono. Nambari za simu zilikuwa zimelala ndani ya simu iliyozimika, umeme wa Ruziba usiku ule haukuwapo, na Mama Furaha alijua tatu tu kwa kichwa. Kesho yake saa nne tulikuwa makaburini. Niliwahesabu, kwa sababu sikuwa na uso wa kutazama kitu kingine. Tulikuwa kumi na mmoja, pamoja na wawili waliochimba. Kwaya nzima ilikuwa makazini na masokoni, ikidhani Kashindi yuko mzima. Padri alipomaliza, pale ambapo kwaya ingeanza wimbo, Mama Furaha akaimba peke yake. Aliimba sauti ya chini, sehemu ya kaka yake, kwa vile hakukuwa na wa kuiimba. Mtu akiimba sehemu hiyo peke yake wimbo hautambulikani, na mimi sikuweza kumsaidia.

Ijumaa tulikaa kwenye meza ya kioo. Désiré alikuwa na macho mekundu, lazima niseme hilo pia. Alisema ni kosa dogo la fomu. "Tutaongeza sehemu, Nadine. Jina la marehemu, hapa juu. Siku mbili za kazi, na haitatokea tena." Nikamwambia si fomu. Nikamwambia tumechukua kitu ambacho watu walikijua tangu mababu zao, mtu kujitaja na kumtaja anayemsema, tukakitia kwenye mfuko mmoja na bei ya viatu. Akasema, "Ona watu wanavyoingia! Franchement, kusema kweli, unataka kurudi kwenye stoo ya makaa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Utabaki na wamama wako ishirini." Nikasema, "Nitabaki nao." Mmoja wa wafadhili akauliza kwa upole kama binti huyu anahitaji kupumzika kidogo. Nikasimama, nikavua sweta nikaiacha juu ya kiti chao, maana nje ya chumba kile sikuwa na haja nayo. Wiki mbili baadaye Mbiu ilikuwa imetoka ndani ya Vyose na kurudi ilivyokuwa, bonyeza, sema, achia. Mtandao ulikuwa uleule, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunizuia, na hiyo ndiyo faida ya nyumba isiyo na mwenyewe. Mtu wa kwanza kuniambia ameifuta Vyose ili kupata nafasi ya Mbiu alikuwa Mama Furaha. Nilimuuliza na picha ya mtoto je? "Hiyo naibakisha," akasema. "We nilikusamehe, lakini usizoee."

Sasa vijana wa kazini wananiita Maman Nadine na kunieleza, kwa subira kubwa, kwamba dunia imekwenda kwenye chombo kimoja cha mambo yote. Najua. Vyose ipo mpaka leo, ni kubwa, na viatu hivi nilivyovaa nilivinunua humo. Kwa viatu ni chombo kizuri sana. Mbiu haikukua. Wamama ishirini wakawa mia kadhaa, wakabaki hapo, na kila mwaka mtu anakuja na wazo la kuiongezea kitu kidogo tu, picha tu, jina tu, na kila mwaka nasema apana. Wananiita kichwa kigumu. Waache waniite. Mtu aliyesimama pale makaburini miongoni mwa wale kumi na mmoja ana haki ya kichwa kigumu, na sitamuomba mtu yeyote radhi kwa hilo.

Miezi miwili kabla hajafa, Mama Furaha aliniita Ruziba. Alikuwa amevimba miguu, ameegemea mto, na alinilazimisha kula ugali na lenga-lenga, mchicha wa kwetu, mpaka nimalize kabla ya kusema neno. Kisha akaomba simu yangu. "Nataka kutangaza," akasema, "lakini usitoe sasa. Utajua siku. Na usiongeze neno, nakujua we na vidole vyako." Nikatoka nje akaongea peke yake. Siku ilipofika, kabla ya kubonyeza, safari hii nilisikiliza yote kwanza, mara mbili, nikiwa nimekaa chini sakafuni:

"Ni mi, Mama Furaha wa Ruziba. Ni juu ya mi mwenyewe. Ule mwaka mulisema nimekufa, nikakataa. Leo sikatai. Siku na saa Nadine atawaambia, mumusikie, amejifunza. Soda za matanga yangu mulikwisha kunywa, musiniletee tena. Mukuje mikono mitupu. Na mukimaliza kwa mi, musirudi nyumbani. Kaka yangu Kashindi yuko upande wa chini, karibu na ukuta. Yule mulimukosa. Kwaya, anawadai wimbo."

Walikuja. Wa Ruziba, wa Uvira, wanawake wenye magamba ya samaki bado mikononi, kwaya ambayo nusu yake ni watoto wa wale wa mwaka ule. Désiré alikuja pia, nywele zake nyeupe kuliko zangu, akasimama kando yangu bila koti. Tulipomaliza kwa Mama Furaha hakuna aliyegeukia barabara. Tuliteremka wote kwenye ule ukuta, tukatafuta msalaba, tukang'oa majani kwa mikono, na yule mtu mwema aliyesema hadanganywi mara mbili, mzee sasa, akaanzisha sauti ya chini. Wengine wakaingia juu yake, na kwa mara ya kwanza niliutambua wimbo. Désiré aliniuliza kwa sauti ndogo, kama zamani tulipokuwa tukipima mtandao, ni watu wangapi. Nikamwambia safari hii siwahesabu.